Maktaba Ikifunguliwa Upya, Vitabu Navyo Vitoke

Katika safari nzima ya kuifufua maktaba ya umma, hafla ya kuifungua upya ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Rangi imekauka, feni zinazunguka, vyoo vina maji, utepe umefungwa mlangoni na mgeni rasmi ameketi chini ya turubai. Risala itasomwa. Mgeni rasmi atatuhimiza Watanzania tujenge utamaduni wa kusoma, atakata utepe, atapigwa picha ameshika kitabu ambacho hajakifungua, na usiku kwenye taarifa ya habari tutawaona watoto wa shule waliopangwa mstari wakipiga makofi. Kesho yake asubuhi mkutubi atageuza funguo, na kazi yenyewe inaanzia hapo.

Siku hizi risala za namna hii zina kifungu kingine: maktaba itakuwa na programu za likizo kwa watoto na jamii inayoizunguka. Ni jambo jema na nalipigia makofi mimi pia. Ila kuna swali moja ambalo sijawahi kulisikia likiulizwa pale chini ya turubai. Mtoto wa Kivule au wa Mbagala, pembezoni mwa Dar es Salaam, akifika Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, ataondoka na kitabu? Siulizi kama atapata kiti, wala kama atachorewa kipepeo shavuni na kupewa juisi. Nauliza kama kitabu kitavuka geti pamoja naye, kipande daladala, kilale kwao wiki mbili, dada yake akidokoe, kimwagikiwe chai kidogo, halafu kirudi. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipimo, na maktaba zetu nyingi zingefeli hata kabla rangi haijaanza kubanduka.

Tuanze mbali kidogo. Maktaba Kuu ya Taifa, pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, sikukuu ya Uhuru, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Chombo cha kusimamia maktaba kilikuwa kimeundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na Sheria Na. 6 ya 1975 ndiyo iliyotupa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania tuliyonayo mpaka leo. Sasa tazama mji wenyewe. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu 272,821. Sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728. Jengo lililowekwa mahali ambapo mtu wa Kariakoo, Ilala au Upanga angeweza kufika kwa miguu, leo linatazamwa na mji uliokua karibu mara ishirini, na watu wake wengi wamekwenda kuishi Chanika, Goba, Bunju na Kigamboni, kulikokuwa na mikorosho na minazi.

Hesabu ya pili inauma zaidi. Kampeni za kisomo cha watu wazima zilifanikiwa kiasi kwamba kufikia mwaka 1986 takwimu rasmi ziliweka wasiojua kusoma na kuandika kwenye asilimia 9.6. Hao watu walifundishwa kusoma, tena wakati huohuo uchumi ukidorora, karatasi ikiadimika na magari ya vitabu yaliyowahi kuzunguka vijijini yakipaki. Tukazalisha wasomaji kuliko tulivyozalisha cha kusoma. Baadaye tukaanza kuwalaumu wenyewe kwamba hawapendi kusoma.

Nenda leo kwenye maktaba ya umma mjini, siku ya kazi, saa nne asubuhi. Utaacha begi kwa mhudumu, utaandika jina kwenye daftari, utaingia ukumbini. Meza zimejaa. Vijana wameinama kimya, kila mmoja na kaunta buku yake, notisi za kutoa kopi, pasti pepa zilizopigwa pini kwenye kona, chupa ya maji, na simu inayochajiwa kwenye soketi ambayo imegombewa tangu mlango ulipofunguliwa. Karibu kila kinachosomwa mle ndani kimeletwa na msomaji mwenyewe kutoka nyumbani. Vitabu vya maktaba vimesimama nyuma ya migongo yao.

Katika mojawapo ya kumbi hizo nilitoa riwaya moja rafuni, nikafungua ukurasa wa mwisho palipobandikwa karatasi ya tarehe za kurudisha. Juu mihuri ilikuwa imebanana hadi inapandana: wiki mbili, wiki mbili, mwezi, wiki mbili. Katikati ikaanza kuachana, mwaka na zaidi. Kisha nafasi nyeupe hadi chini. Nikachukua ya pili na ya tatu, mambo ni yaleyale. Hakuna takwimu yoyote ya wizara ingenieleza zaidi ya karatasi zile.

Nisieleweke vibaya kuhusu vijana wa pasti pepa. Kijana wa kidato cha nne anayeishi Tandale kwenye chumba kimoja na watu watano, televisheni ya jirani ikisikika kama ya kwao, anahitaji meza na mwanga kuliko anavyohitaji riwaya yangu. Kumpa utulivu ni huduma halali ya umma. Lakini ukumbi wa kujisomea unaweza kuwekwa popote penye paa, viti na mtu wa kusema "shhh". Hauhitaji mkutubi aliyesomea kazi yake pale chuo cha Bagamoyo. Maktaba inakuwa maktaba kwa sababu vitabu vyake vinatoka na kurudi, na huo mzunguko ndio uliokufa.

Umekufaje? Jibu la haraka ni simu. Jibu la pili ni fedha. Yote yana ukweli wake, ila mimi naona kuna la tatu lisilosemwa kwa sababu halina wa kumnyooshea kidole. Kitabu cha maktaba ya umma ni mali ya serikali. Kina namba, kimo kwenye leja, na kinahesabiwa. Kikipotea, kuna maelezo ya kuandika, kuna hoja ya mkaguzi, kuna faili linaloweza kufuata mtu mpaka anastaafu. Kikikaa rafuni miaka kumi bila kuguswa, hakuna hoja yoyote. Kipo, kimeonekana, tiki. Mkutubi ataulizwa kitabu kiko wapi. Hataulizwa kwa nini hakijasomwa. Ukimweka mtu yeyote mwenye akili timamu katika mazingira hayo, atafanya kinachofanyika sasa: atakulinda wewe na kitabu msikutane sana. Atadai fomu, picha, mdhamini, ada, na kwa mtoto atadai mzazi aje mwenyewe. Kila sharti lina sababu yake nzuri. Yakijumlishwa pamoja, mtoto wa Kivule hakuti njia.

Kwa Dar es Salaam tatizo hili lina mzizi mwingine. Maktaba Kuu ni ya taifa na papo hapo ni ya umma. Kama maktaba ya taifa, inapokea kwa mujibu wa sheria nakala za machapisho ya nchi hii na kuyahifadhi ili mjukuu wa mjukuu wako ayakute. Nakala hizo hazipaswi kutoka, na anayezilinda kwa wivu anastahili shukrani. Kama maktaba ya umma, inapaswa kugawa vitabu kwa mikono miwili na kukubali vichakae. Taasisi moja imepewa tabia mbili zinazopingana, na kwa kawaida ya ofisi zetu, tabia ya kufunga kabati hushinda ile ya kulifungua. Tunaposema tunaifungua upya maktaba yoyote ya umma, jambo la kwanza lingekuwa kutenganisha hizi hesabu mbili: hiki cha kutunza, hiki cha kuchakazwa. Na cha kuchakazwa kiwe na fungu la upotevu ndani ya bajeti. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba katika kila vitabu mia vya watoto tunategemea kadhaa visirudi, na kwamba mkutubi hatalala nje kwa ajili yake.

Wenzetu waliowahi kulitazama hili kwa makini wako mbali, na likizo yao siyo yetu, lakini wanachosema kina manufaa. Mjini Baltimore, Marekani, watafiti Karl Alexander, Doris Entwisle na Linda Olson waliwafuatilia watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 1982. Waliona kwamba shule zikiwa wazi, watoto wa maskini na wa wenye nacho walisogea kwa hatua zinazokaribiana. Pengo lilipanuka kwenye likizo ndefu ya kiangazi. Wakalieleza kwa mfano wa bomba: shule zikifunguliwa linamwagia wote, likizo ikifika linafungwa, na aliye na tanki nyumbani anaendelea kunywa. Maelezo hayo yalivuma sana. Haki ya msomaji ni kuambiwa pia kwamba mwaka 2019 Paul von Hippel, wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, alijaribu kuyapima upya kwa data nyingine na mitihani mingine, akaona kwamba pengo la likizo halijitokezi kila mahali. Kwa hiyo sitajenga hoja yangu yote juu ya bomba.

Ninaloegemea zaidi ni jaribio la Florida lililochapishwa mwaka 2010 na Richard Allington na Anne McGill-Franzen pamoja na wenzao. Watoto wa shule za maeneo ya kimaskini waliruhusiwa kuchagua wenyewe vitabu 12 kabla ya likizo, wakaenda navyo nyumbani, vikawa vyao. Likizo tatu mfululizo. Hakukuwa na mwalimu, hakukuwa na kambi wala cheti. Waliopewa vitabu walikuja kuwa wasomaji bora kuliko wenzao waliokosa, kwa kiasi ambacho watafiti walikilinganisha na kuhudhuria shule ya kiangazi. Neno la kushika hapo ni kuchagua. Waliokuwa wakichagua wengi wao hawakuchukua vitabu ambavyo mwalimu angewachagulia, walichukua vya wasanii na mashujaa wa televisheni. Hao wakutubi wetu wanaoguna mtoto akirudia kitabu cha katuni mara ya tano, wangesoma hili.

Na kuhusu faini: Maktaba ya Umma ya Chicago ilifuta faini za kuchelewesha vitabu Oktoba 2019. Vitabu vilivyokuwa vimekaa majumbani kwa muda mrefu vikaanza kurudi kwa wingi. Ilivyoonekana, watu walikuwa wanaogopa kuvirudisha.

Sasa turudi huku kwetu, maana likizo ya Dar es Salaam ina mambo yake. Sisi hatuna miezi mitatu ya kiangazi isiyo na shule. Tuna kama mwezi mmoja wa Juni kuingia Julai, wakati wa kipupwe, na mwezi mwingine Desemba. Mwezi huo mmoja wenyewe umeshaliwa. Serikali imewahi kukataza kufundisha wanafunzi wakati wa likizo, na tyusheni ikaendelea, safari hii ikiitwa kambi, au ikihamia kwenye jengo la jirani ambalo halijapauliwa. Mzazi analipa kwa sababu jirani yake analipa. Mtoto anatoka darasa la saba asubuhi kwenda darasa la saba mchana. Programu ya likizo ya maktaba inaingia kwenye soko hilo ikiwa haina matokeo ya kubandika ukutani, na lazima tujue kwamba mzazi wa Tabata atauliza "watafundishwa nini huko?" Mkutubi akijibu "watasoma wanachotaka", ameshampoteza. Kuna ubishi hapa ambao sijui kama maktaba peke yake itaushinda, ila najua isijaribu kuushinda kwa kugeuka tyusheni nyingine ya bei nafuu.

Halafu kuna nauli. Hili watu wanaopanga programu wakiwa ndani ya magari yao hawalioni. Nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni Sh200. Mtu mzima analipa mara tatu yake na zaidi, kutegemea umbali. Na konda anamtambuaje mwanafunzi? Kwa sare. Shule zikifungwa, sare ikafuliwa na kukunjwa, mtoto wa miaka kumi na mbili aliyevaa fulana na jinzi anageuka abiria wa kawaida, na akibisha anashushwa. Ndiyo maana Juni utawaona watoto wa tyusheni wamevaa mashati meupe na kaptula za shule wakati shule zimefungwa. Wamevaa nauli. Mtoto wa Mbagala Rangi Tatu akihitaji magari mawili kufika maktaba na mawili kurudi, akiwa amevaa sare anatumia Sh800. Akivaa nguo za nyumbani hesabu hiyo inaanzia Sh2,400, na kama ana mdogo wake, mama anaanza kulinganisha na unga. Kwa hiyo programu nzuri kabisa pale mjini, yenye msimulizi wa hadithi na makarani wachangamfu, itawapata watoto wa Upanga na wa walioajiriwa maofisini jirani, ambao tanki lao halijawahi kukauka.

Dawa ya hili ni vitabu kuwafuata watoto, na nafasi ipo. Juni ndiyo mwezi ambao vyumba vya madarasa vya shule za msingi vinakaa vitupu na kufuli. Shule iko kwenye kila kata, watoto wanaifahamu njia, na wanafika kwa miguu. Sanduku la vitabu mia moja, mkutubi mmoja au mwanafunzi wa ukutubi anayefanya mazoezi kwa vitendo, darasa moja lililofunguliwa siku mbili kwa wiki, na daftari la kuandika nani kachukua nini. Sanduku linahama kila mwezi. Gharama kubwa humo ni vitabu vyenyewe, na vya Kiswahili vya watoto vipo. Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukivisaidia kuchapishwa tangu 1991, na wachapishaji wa hapahapa mjini kama Mkuki na Nyota na E & D Vision wanavyo maghalani. Maktaba ikinunua nakala hamsini za kitabu kimoja badala ya mbili, mchapishaji naye anapata sababu ya kutoa kingine. Sasa hivi anachapisha kwa matumaini.

Ndani ya jengo lenyewe, programu za likizo zitakutana na ugomvi ambao ni bora tuukubali mapema: kelele. Watoto wakisikia hadithi ya Sungura na Fisi wanacheka, na wakicheka ghorofa ya juu kuna mtu ana kemia. Nimesikia wasomaji wakilalamika kwamba watoto "wanaharibu maktaba". Mimi naona kama kuna mtu wa kupewa chumba cha pembeni siku hizo, ni yule wa kemia, maana yeye ana mwaka mzima wa ukimya na hawa wana wiki nne. Wengine watasema nimewaonea watahiniwa. Lakini mtoto akinyamazishwa siku yake ya kwanza maktabani, atakuja tena akiwa na pasti pepa, na atakuja kwa sababu hana pengine pa kwenda.

Kuhusu kompyuta sina maneno mengi. Ziwepo, ziwe na intaneti, na awepo mtu wa kuzitengeneza, vinginevyo zitafunikwa vitambaa kama zilivyofunikwa nyingine.

Ila kuna kundi moja la likizo ambalo kompyuta hizo zingeliokoa, na silisikii likitajwa kwenye programu za "jamii". Vijana wa kidato cha sita wanamaliza mtihani Mei. Matokeo hutoka Julai. Katikati na baada ya hapo, dirisha la mikopo ya elimu ya juu ya HESLB linakuwa wazi, vyeti vya kuzaliwa vinahitaji kuhakikiwa RITA, namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA inatafutwa, maombi ya vyuo yanafunguliwa. Yote kwa mtandao. Kijana anaifanyia wapi kazi hiyo? Stesheneri. Anakaa kwenye benchi nje ya kibanda cha kutoa kopi, anamtajia kijana mwenzake nywila yake, mapato ya baba yake na namba ya simu ya mama, analipia kila ukurasa, na akikosewa jina herufi moja atajua Oktoba. Stesheneri hizo zimekuwa ofisi za habari za umma za mji huu, na wanaoziendesha wengi ni mahiri kweli. Lakini kumsaidia mtu kupata taarifa sahihi na kujaza fomu bila kukosea ndiyo taaluma ya mkutubi. Meza moja, kompyuta tatu, skana, mtu mmoja anayejua masharti ya mwaka huu, kuanzia Juni hadi Agosti. Wazazi watakuja, na mzazi aliyesaidiwa hapo hatauliza tena mdogo wa kijana huyo atafundishwa nini.

Kalenda nyingine inajipanga yenyewe. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Zote zinaangukia ndani au pembezoni mwa likizo. Ombi langu ni kwamba fedha za fulana za siku hizo ziende kwenye vitabu. Fulana tunazo.

Tukija kwenye fedha, tunagonga jambo la ajabu kidogo ambalo watu wa serikalini watalitambua mara moja. Mwaka wa fedha wetu unaanza tarehe 1 Julai. Likizo kubwa ya katikati ya mwaka inaangukia Juni, mwezi ambao kila ofisi inafunga vitabu vya hesabu, kasma zimekauka na mhasibu hapokei simu. Programu ya Juni inategemea aliyekumbuka kuitengea fungu miezi kumi na miwili nyuma na kulilinda lisichomolewe. Hawa ni wachache. Ndiyo maana programu nyingi za likizo hufanyika mwaka ambao mfadhili yupo, na mwaka unaofuata mlango una karatasi ya kueleza kwamba zimeahirishwa.

Kwa hiyo nikiulizwa maktaba iliyofunguliwa upya Dar es Salaam ianzie wapi, sisemi Juni. Kuna likizo nyingine, ndefu kuliko zote, ambayo hatuiiti likizo kwa sababu haimo kwenye ratiba ya wizara. Mtoto wa darasa la saba anafanya mtihani wa taifa Septemba. Akitoka chumba cha mtihani anakuwa huru mpaka Januari aingie kidato cha kwanza. Karibu miezi minne. Hiyo ndiyo kiangazi yetu halisi, na imeangukia kwenye umri mbaya na wakati mbaya: miaka kumi na mitatu, nyumbani bila kazi, na mbele yake kuna shule ya sekondari ambako masomo aliyoyasoma kwa Kiswahili miaka saba yatageuka Kiingereza kwa siku moja. Wazazi wenye uwezo wanajua, wanawapeleka prifomu wani, masomo ya kuwaandaa kwa kidato cha kwanza. Wengine wanauza maji ya kandoro, wanalea wadogo zao, au wanakaa tu. Tafiti za Uwezo, asasi inayopima kusoma na kuhesabu kwa watoto, tangu mwaka 2010 zimetuonyesha mara kwa mara ni watoto wangapi wanafika madarasa ya juu wakiyumba kwenye kusoma hadithi za darasa la pili. Miezi minne bila maandishi yoyote haiwezi kuwasaidia hao.

Kwa wakati huo fedha zipo, maana ni robo ya kwanza na ya pili ya mwaka wa fedha. Ukumbi una nafuu kuanzia watahiniwa wa kidato cha nne wanapomaliza Novemba. Vinavyotakiwa ni vitabu vyepesi vya Kiingereza na vya Kiswahili vilivyowekwa pamoja, ili mtoto achukue kimoja cha kumtesa kidogo na kimoja cha kumfurahisha. Na mzigo unakuja: kwa mtaala ulioanza kutumika 2024, mwaka 2027 watamaliza shule ya msingi makundi mawili kwa pamoja, la darasa la sita na la darasa la saba, na wote watakuwa nyumbani wakisubiri Januari 2028.

Kazi ya kuwapa kadi inaweza kufanyika Agosti, shuleni kwao, majina yakitoka kwenye rejista ya darasa na mwalimu mkuu akiweka saini moja kwa wote kama mdhamini, bila picha, bila ada, bila mzazi kuacha genge lake kuja mjini. Mkutubi aende na sanduku siku hiyohiyo, kila mtoto aondoke na kitabu chake cha kwanza, na karatasi ya tarehe iliyobandikwa nyuma ipigwe muhuri mbele yake.